Kuchemsha, dawa, filta au jua: maji yapi yanamfaa anayeuza chakula barabarani

Simama karibu na kibanda cha juisi mida ya saa nane mchana, foleni imeshika, halafu usiangalie juisi, angalia mkono. Mkono umepokea hela, umefuta meza, umeminya kitambaa kile kile cha tangu asubuhi, na sasa umeshika kikombe unachota maji kwenye ndoo, kidole gumba kimezama mpaka kwenye kiungo. Maji yale alfajiri yalichemshwa vizuri kabisa, aliyechemsha alitumia moto wake na muda wake na wala si mvivu, lakini hapo yalipofika huwezi tena kuyaita maji ya kuchemsha.

Naanza na hilo kwa sababu njia za kutibu maji mara nyingi zinalinganishwa kwa ajili ya nyumbani, familia na jagi lao mezani. Anayeuza nje ana mambo mengine kabisa, maji mengi, watu wengi, vumbi, hana sinki, na hana muda wa kukaa anasubiri matone. Kwa hiyo hapa nalinganisha kwa swali moja: maji niliyoyatibu saa kumi na mbili asubuhi yatakuwa na hali gani saa kumi jioni?

Na usidhani naongelea maji ya kunywa tu. Maji ya kupikia mchuzi hayanitishi, yanachemka humo humo kwenye sufuria hata usipokumbuka. Yanayoumiza watu ni yale yasiyopita motoni, ya kuchanganyia juisi, ya kuoshea matunda na mboga zinazoliwa mbichi, ya kusuuza vikombe na sahani, ya kunawa mikono, na barafu. Peru walilijua hili kwa uchungu mwaka 1991, kipindupindu kiliingia mwezi Januari na mwaka ule ule wakaripotiwa wagonjwa zaidi ya laki tatu, na wachunguzi walipouliza mjini Piura kwamba walioumwa wamefanya nini ambacho wazima hawajafanya, yakatoka mambo matatu: maji yasiyochemshwa, vinywaji vya barabarani, vyakula vya barabarani. Mji mwingine wa huko huko, Trujillo, ikaonekana pia kwamba kunywa maji ya chombo ambacho watu wanatumbukiza mikono kunaongeza hatari. Ni ule ule mkono wa kwenye ndoo.

Kuchemsha na dawa ya klorini

Hapa ndo penye ubishi mkubwa kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Kwa kuua vijidudu kuchemsha kunashinda, hamna mjadala. Maji yakifika kutokota kwelikweli, yani mapovu makubwa yanapanda na kupasuka juu bila kukoma, bakteria wamekufa, virusi wamekufa, na hata vile vimelea vigumu kama kriptosporidiamu vinakufa. Dakika moja ya kutokota inatosha, na kama uko juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, fanya dakika tatu maana huko maji yanatokota kabla hayajawa ya moto sana. Hata maji yenye tope kidogo moto unayaweza, ila uyaache kwanza yatulie na uyachuje na kitambaa safi. Wale wanaochemsha nusu saa nzima "ili yaive" wanachoma kuni bure jamani.

Shida ya kuchemsha inaanza ukiepua. Moto hauachi mlinzi ndani ya maji. Yakishapoa, mdudu mmoja akiingia na kikombe kichafu anakuta maji matupu hayana kitu cha kumzuia, anakaa na anaweza kuongezeka. Afu kupoa kwenyewe ni kazi, lita ishirini za maji ya moto ukizifunika zinakaa masaa na masaa hazijafaa kwa juisi, kwa hiyo mtu anafanyaje? Anafunua, anapooza kwa kuhamisha kutoka ndoo hii kwenda ile, au anatupia barafu. Mimi nimeuza juisi na matunda ya kukata miaka kadhaa na nilikuwa najivunia kabisa kwamba nachemsha, kila siku, sikosi. Wiki moja wateja wangu watatu wa kila siku wakapotea, mmoja akarudi akaniambia kwa upole tu, dada tumbo lilinisumbua siku nne, na mi sikukataa maana na wenzake walikuwa wanasema hivyo hivyo. Nilipokaa kufikiria hatua kwa hatua nikaona, maji nachemsha saa kumi alfajiri, saa mbili bado ya uvuguvugu, natia barafu niliyonunua, barafu ambayo sikuwahi hata siku moja kuuliza imegandishwa na maji gani. Sina ushahidi kwamba ilikuwa barafu. Lakini ndo palikuwa mahali pekee ambapo maji mabichi yalikuwa yanaingia, na iliniuma sana kwa sababu moto wote ule nilikuwa naupoteza kwa kipande kimoja cha barafu.

Klorini iko kinyume chake. Kwenye kuua ni dhaifu kidogo kuliko moto, inaua bakteria wa kipindupindu, wa taifodi na wa kuhara damu vizuri sana, na virusi wengi, ila kriptosporidiamu haitishiki na dozi ya kawaida, na jiadia, kimelea kingine cha tumbo, nayo ni mbishi. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee kule Marekani waliugua watu wanaokadiriwa kuwa laki nne kwa kriptosporidiamu iliyopita kwenye maji ya bomba, na maji yale yalikuwa na klorini. Kwa hiyo anayekwambia klorini inamaliza kila kitu si kweli. Lakini klorini ina kitu ambacho moto hauna, inabaki. Ukitia dozi sawa, baada ya nusu saa inatakiwa ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita, na ile iliyobaki ndo inapambana na kidole gumba cha saa nane mchana. Si kwamba inakupa ruhusa ya kutumbukiza mikono, mikono michafu ikizidi inaisha, lakini inakupa nafasi ya kukosea kidogo bila mtu kuumwa.

Kwenye kazi pia dawa ni nyepesi. Hakuna kuni wala kusubiri kupoa, unatia, unakoroga, unafunika, unaendelea kukata matunda, nusu saa imeisha. Kidonge kimoja cha miligramu 67 kinatibu lita 20 za maji maangavu, soma tu pakiti maana vidonge viko vya saizi nyingi na mtu akitumia cha lita moja kwenye ndoo ya ishirini hajafanya kitu. Ukiwa na blichi ya kufulia yenye hipokloriti ya sodiamu asilimia 5 hivi, isiyo na manukato, isiyo na rangi, isiyo na sabuni ndani, ni matone mawili kwa lita moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kama mililita 2, na maji yakiwa na ukungu unazidisha mara mbili. Nasisitiza isiyo na manukato kwa sababu zile zenye harufu nzuri si za kunywa hata kidogo. Na chupa ya blichi iliyokaa juani au iliyofunguliwa kitambo nguvu imepungua, we unahesabu matone mawili kumbe unatia maji na harufu. Vidonge kwenye hilo ni vya kuaminika zaidi, vinakaa miaka kama pakiti haijatobolewa, mi mwenyewe nahama kwenye matone kwenda vidonge kwa sababu hiyo tu.

Kinacholalamikiwa ni ladha. Kweli, ipo. Mara nyingi lakini ukisikia harufu kali sana ujue umezidisha dozi, au umetumia kabla nusu saa haijaisha. Kwa wanaouza maji matupu kwa glasi hili ni tatizo la biashara, mteja anakunja uso. Kwa juisi halionekani kabisa, na hapo ndo kuna jambo ambalo wengi hawalijui.

Jambo la juisi

Vitamini C inaua klorini. Matunda yana vitamini C, na hata zile nyama nyama za tunda zinaila klorini. Maana yake mbili. Ya kwanza, usitie dawa kwenye juisi ambayo tayari imechanganywa ukidhani unaitibu, itaisha nguvu kabla haijaua kitu, tibu maji peke yake, subiri nusu saa yako, ndo uchanganye. Ya pili ambayo ndo inauma, ukishachanganya ule ulinzi umeondoka, juisi yako sasa iko sawa tu na maji yaliyochemshwa, haina mlinzi. Kwa hiyo maji yenye dawa yakae kwenye chombo chake, juisi uitengeneze kidogo kidogo, jagi moja moja, ikae imefunikwa na baridi, usikoroge ndoo nzima asubuhi. Hili limenibadilishia kazi kuliko kitu kingine chochote hapa.

Na usitegemee ukali wa ndimu wala sukari kufanya kazi ya dawa. Baridi nayo haiui. Kugandisha kunawalaza tu vijidudu, barafu ikiyeyuka kwenye glasi wanaamka. Barafu yoyote inayogusa kinywaji itoke kwenye maji yaliyotibiwa, kama huna uhakika nayo itumie kwa nje, chupa ikae juu ya barafu, isiingie ndani.

Filta sasa

Filta watu wanazipenda kwa sababu unaona, maji yanaingia ya kahawia yanatoka maangavu, macho yanaridhika. Ila macho hayaoni virusi.

Filta ya udongo, ile ya chungu kinachokaa ndani ya ndoo, aliyeibuni ni Fernando Mazariegos wa Guatemala mwaka 1981, nzuri kwa nyumbani, bakteria inazuia vizuri na vimelea wakubwa pia, ladha inabaki ya maji. Lakini inatoa lita moja mpaka tatu kwa saa. Piga hesabu ya siku ya biashara uone. Ukiwa nazo tatu labda. Na ikipata ufa mwembamba usioonekana inapitisha kila kitu na we unaendelea kuiamini.

Filta ya mirija, ile yenye vitobo vya maikroni 0.1, inakimbia zaidi, inazuia bakteria na hao kina kriptosporidiamu ambao klorini imewashindwa, haizuii virusi. Lazima uisukumie maji safi kinyumenyume kuisafisha mara kwa mara, asiyefanya hivyo atakuta siku moja inatoa uzi mwembamba wa maji. Na isigande, ikigandishwa mirija inapasuka.

Filta ya mchanga inahitaji utando hai juu ya mchanga ambao unachukua wiki kadhaa kukomaa, inafaa mahali unapokaa siku zote, kwa mtu wa mkokoteni anayehama sioni inafanyaje kazi.

Ukizipanga pembeni ya klorini unaona zinakamilishana, kile ambacho klorini inashindwa filta inaweza na kile ambacho filta inashindwa klorini inaweza. Filta peke yake ina ule ule udhaifu wa kuchemsha, yakishatoka hayana ulinzi. Kwa hiyo kwa muuzaji mwenye uwezo kidogo, filta ya mirija halafu klorini ndani ya chombo cha kutunzia ndo mpangilio ninaoukubali kuliko yote, na klorini yenyewe inahitajika kidogo maana uchafu wa kuila umeshatolewa.

Maji yenye tope

Hili linabadilisha hesabu zote. Tope linaila klorini na pia linawaficha vijidudu. Ukiweka herufi kubwa za gazeti chini ya chupa ya maji ukatazama kutoka juu usiweze kusoma, hayo maji usiyatie dawa hivyo hivyo, yatulize kwanza. Shabu inafanya kazi, mbegu za mlonge zilizotwangwa pia, uchafu unashikana unazama. Ila ni kutuliza tu jamani. Maji yaliyotiwa shabu yakang'aa si maji salama, nimeona watu wanayanywa hapo hapo kwa sababu yanapendeza, ndo kwanza yako tayari kutiwa dawa.

Hata kitambaa kina kazi yake. Bangladesh, utafiti wa mwanasayansi Rita Colwell na wenzake uliotoka mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu bakteria wake hupenda kushikilia viumbe vidogo vya kwenye maji na hao kitambaa kinawakamata. Nusu si haba ila nusu nyingine bado inaumwa, kwa hiyo ni hatua ya kwanza hiyo.

Zipo pia pakiti za unga zenye kitulizo na klorini pamoja, pakiti moja lita 10, unakoroga dakika tano, unaacha litulie, unachuja na kitambaa, unasubiri dakika 20. Kwa maji machafu ya mto au ya mafuriko hizo zinafaa sana kwa bakteria na virusi, na zile takataka zinazozama usizimwage mahali watoto au wanyama wanafikia. Kwa kazi ya kila siku zinachosha.

Jua na taa

Chupa za plastiki angavu za mpaka lita mbili, juani masaa sita, siku ya mawingu ziache siku mbili. Inafanya kazi kweli, ila maji yawe maangavu. Kwa muuzaji anayetumia lita arobaini unahitaji chupa ishirini juu ya bati kila siku, mi naona ni njia ya mtu na familia yake. Faida moja ambayo siipuuzi, maji yanabaki ndani ya chupa yake yenye kifuniko mpaka yatumike, mikono haiingii.

Taa ya UV, yani ya mionzi isiyoonekana inayoua vijidudu, inaua haraka, inataka umeme na maji maangavu, na haibakizi ulinzi. Kama una umeme wa uhakika sawa.

Chombo

Kuna ulinganisho mmoja ambao nauona mkubwa kuliko wa moto na dawa, nao ni ndoo ya mdomo mpana kwa chombo chenye koki. Guatemala waliwahi kuwajaribishia wauzaji wa barabarani wenyewe, utafiti ukatoka mwaka 1998, wakawapa dawa ya klorini, chombo cha maji chenye koki ambacho mkono hauingii, sabuni na mahali pa kunawia, na chombo cha kutunzia kinywaji. Maji na vinywaji vyao vikapungukiwa sana na vijidudu vya kinyesi ukilinganisha na wenzao wasiopewa. Angalia, hawakupewa dawa peke yake.

Kwa hiyo kama una hela ya kitu kimoja tu mwezi huu na tayari unachemsha, usinunue filta, nunua dumu au ndoo yenye koki na kifuniko kinachobana. Kama una ndoo tu, basi kata yenye mpini mrefu inayoning'inizwa, isiyolala mezani, na ndoo inafunikwa kila baada ya kuchota, si baada ya foleni kuisha. Na chombo chenyewe kioshwe kila wiki kwa sabuni na klorini, koki yake hasa, ndani ya koki kunakuwa na utelezi ambao hakuna anayeutazama.

Nani achague nini

Unauza vyakula vya moto tu, vinatoka jikoni vinaingia kwenye sahani: maji ya kupikia usihangaike nayo, hela na nguvu peleka kwenye sahani na mikono. Vyombo vioshwe kwa sabuni, visuuzwe, halafu vizamishwe kwenye maji yenye klorini kali kidogo, kijiko kidogo kimoja cha blichi ya asilimia 5 kwa lita 4, vikauke vyenyewe hewani. Usivifute na kitambaa, kitambaa ndo kinarudisha yote. Na chakula kisilale uvuguvugu zaidi ya masaa mawili, hilo maji yaliyotibiwa hayawezi kukuokoa.

Unauza matunda ya kukata au mboga mbichi: klorini, bila kusita. Unaosha tunda zima kabla ya kulimenya, kisu kikipita kwenye ganda chafu kinauingiza uchafu ndani. Maji ya kuoshea yakishakuwa na rangi yabadilishe.

Juisi: klorini kwenye maji, au filta kisha klorini, jagi moja moja kama nilivyosema. Ukiwa na wateja wengi wadogo sana au watu wenye kinga dhaifu, wenye HIV kwa mfano, hapo kriptosporidiamu si mchezo, chemsha au chuja kwa filta ya mirija kwanza halafu ndo dawa.

Chai na kahawa: maji yametokota tayari, ya kutosha, shida iko kwenye vikombe tu.

Na maji yenye chumvi, floraidi au aseniki usitegemee njia hizi nilizosema kuyasafisha, kuchemsha ndo kunayakoleza. Hapo badilisha chanzo.

Kitu cha mwisho ninachokifanya kila siku saa saba mchana kabla wimbi la pili la wateja halijaja, nafungua koki, nachukua maji kidogo kwenye glasi nayanusa. Ikiwa harufu ya klorini haipo kabisa siongezi juu juu, natenga yale maji kwa kufanyia usafi na naanza ndoo nyingine na kidonge kipya, ndo maana siku zote niko na ndoo mbili, moja inatumika nyingine inasubiri nusu saa yake. Mwenye vile vidonge vya kupimia vinavyogeuza maji kuwa ya pinki yuko vizuri zaidi yangu, pua inazoea.